Kuombea shule za umma na utamaduni wetu: maswali mnayouliza sana

Haya ni maswali ambayo mtu yeyote anayeombea shule huwa anaulizwa na ndugu, na wachungaji, na hata na walimu wenyewe. Nimejibu kama ningekujibu tukiwa tumekaa pamoja, kwa hiyo mengine ni marefu na mengine nimepita haraka.

Hivi kweli maombi yanaweza kubadilisha shule ya serikali au tunajifariji tu?

Yanaweza, na nasema hivo bila kusita. Ila tuelewane yanabadilishaje maana hapo ndo wengi wanapokwama. Mtu anaomba Jumatatu anategemea Ijumaa waziri wa elimu atangaze kitu. Mungu hashindwi na hilo, lakini ukisoma Biblia unakuta mara nyingi sana anaanza na huyohuyo anayeomba. Nehemia alisikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka, akalia, akafunga, akaomba toka mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, hiyo ni kama miezi minne, na jibu lilipokuja aliyetumwa kujenga alikuwa ni yeye, mnyweshaji wa mfalme, mtu ambaye hata ujenzi haikuwa kazi yake. Alafu maadui walipoanza fujo, Nehemia 4:9 inasema wakamwomba Mungu wakaweka na walinzi usiku na mchana. Vyote viwili kwa pamoja.

Ukiombea shule moja kwa mwaka mzima kwa moyo, utashangaa umeanza kujua mwalimu gani anaumwa, darasa gani halina mwalimu wa hesabu, mtoto gani anakuja bila kula, na ukishajua huwezi kukaa. Unaenda kikao cha wazazi ambacho ulikuwa unakikwepa. Unajitolea kusaidia watoto kusoma. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba hiyo ndo njia kubwa Mungu anayotumia kujibu maombi ya shule, na anayetaka maombi yasiyomgusa yeye mwenyewe hajui anachoomba.

Kwa nini tuombee shule za umma, si tujenge tu za kwetu za Kikristo?

Shule za Kikristo ni baraka, zijengwe. Lakini watoto wengi duniani wako kwenye shule za umma na hawataondoka huko, wakiwemo watoto wa waumini wetu wasio na uwezo wa kulipa ada ya kwingine. Yeremia 29:7 aliandikiwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, mji ambao haukumjua Mungu wao kabisa, na bado wakaambiwa wautakie mji huo amani na wauombee kwa Bwana, kwa sababu amani yake ndo amani yao. Sasa kama Babeli iliombewa, shule ya mtaani kwenu imekosa nini?

Tukikaa kuomba tunaomba nini hasa? Sisi tunaishia "Bwana bariki shule zetu" dakika mbili tumemaliza.

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Maombi ya jumla yanachosha kwa sababu huwezi hata kujua kama yamejibiwa. Kuwa na majina na vitu halisi.

Anza na walimu, kila mmoja kwa jina. Mwalimu ana mshahara ambao mara nyingi hautoshi, ana darasa limejaa, ana watoto wake nyumbani, ana wazazi wanaomlaumu kwa kila kitu. Muombee uvumilivu, afya, ndoa yake, usingizi. Muombee apende watoto wagumu, maana hao wapole kila mtu anawapenda. Mkuu wa shule muombee hekima kama ile ya Yakobo 1:5, kwa sababu kila siku anaamua mambo ambayo hayana jibu zuri, amfukuze yule kijana au amvumilie, pesa kidogo iliyopo iende kwenye vyoo au kwenye vitabu.

Alafu watoto. Yule anayeonewa. Yule anayeonea wenzake, na huyu watu wanamsahau kabisa wakati mara nyingi naye kuna kitu kinamuumiza nyumbani. Binti ambaye kuna mtu mzima anamfuatafuata, omba uovu huo ufichuke na asiwepo wa kuufunika, na ukijua kitu hapo usibaki unaomba tu, toa taarifa kwa wanaohusika siku hiyohiyo. Mtoto ambaye ameshaamini yeye ni mjinga. Mtoto mwenye ulemavu ambaye shule haijui imfanyeje. Ombea mitihani pia, ila uombee uaminifu katika mitihani kabla ya kuombea maksi. Kanisa linaloombea watoto wafaulu huku wazazi wake wananunua majibu linajichanganya lenyewe.

Na wale wasioonekana: wapishi, walinzi, wafagizi, wanaoandika mitaala, wanaochapa vitabu, wabunge wanaopanga bajeti ya elimu. 1 Timotheo 2:1-2 inasema dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya watu wote, wafalme na wote wenye mamlaka. Shukrani imo hapo, na sisi kwenye mambo ya shule tuna lawama nyingi kuliko shukrani, hata kwenye magoti.

Kwa hiyo tudai sheria irudishe maombi darasani?

Hapa najua tutatofautiana na baadhi yenu lakini nasema ninachoamini. Sidhani kama ndo njia.

Angalieni nchi zilizojaribu. Uingereza mpaka leo sheria inataka shule za serikali ziwe na ibada ya pamoja kila siku, na kwa sehemu kubwa iwe na sura ya Kikristo, ingawa mzazi anaweza kumtoa mtoto wake asishiriki. Hiyo sheria ina mizizi kwenye sheria ya elimu ya 1944. Na bado katika miaka hiyohiyo makanisa mengi ya huko yamepungukiwa watu sana. Sheria iliweka ibada kwenye ratiba, moyo wa mtoto haikuufikia. Marekani ikaenda upande mwingine, mwaka 1962 katika kesi ya Engel v. Vitale Mahakama Kuu yao ilisema serikali haina ruhusa ya kutunga sala ya kusomwa shuleni, maana jimbo la New York lilikuwa limeandika sala fupi ya kutumika madarasani. Wakristo wengi walilia kwamba Mungu amefukuzwa shule. Lakini mahakama haikumkataza mwanafunzi kuomba mwenyewe, ilikataza serikali kumwandikia sala, hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na mwaka 2022 mahakama hiyohiyo kwenye kesi ya Kennedy v. Bremerton ilimpa haki kocha aliyekuwa anapiga goti kuomba uwanjani baada ya mechi.

Mi najiuliza hivi: sala iliyoandikwa na ofisi ya serikali, inayotakiwa isimuudhi mtu yeyote, ni sala ya nani hiyo kwa nani? Na kesho ofisi ikishikwa na watu wa imani nyingine au wasio na imani, utakubali wamtungie mwanao sala? Yesu kwenye Mathayo 7:12 alisema tuwatendee watu vile tungependa watutendee, na hilo linatuhusu mpaka kwenye sheria tunazodai. Tudai uhuru wa kila mwanafunzi kuomba au kutoomba. Hiyo inatosha, na Injili haijawahi kuhitaji mtoto wa mtu alazimishwe.

Mimi ni mwalimu, naruhusiwa kuomba kazini?

Inategemea sheria za nchi yako na kanuni za mwajiri wako, zisome, usitegemee ya kuambiwa. Lakini kuomba kimoyomoyo hakuna sheria inayoweza kukuzuia. Nehemia 2:4 mfalme anamuuliza swali, yeye kabla ya kujibu anamwomba Mungu wa mbinguni, papo hapo amesimama, mfalme hakujua chochote. Unaweza kuomba ukiwa unaita majina ya mahudhurio, kila jina sala. Unaweza kuwahi kabla watoto hawajafika ukapita katikati ya madawati. Usichotakiwa kufanya ni kutumia cheo chako cha mwalimu kumsukuma mtoto wa dini nyingine aombe kama wewe, huyo mtoto hana uhuru wa kukukatalia na wewe unajua.

Na kitu kingine, sahihisha madaftari. Andaa somo. Mwalimu Mkristo anayechelewa vipindi halafu anaongoza maombi ya mchana anafanya wanafunzi wayachukie hayo maombi.

Wanafunzi wenyewe je?

Wanafunzi ndo wenye nguvu kuliko sisi wote hapa. Mwaka 1806 wanafunzi 5 wa chuo cha Williams kule Marekani walikuwa wanaomba nje, mvua na radi zikawakuta wakajificha kwenye rundo la nyasi kavu wakaendelea kuomba, na kwenye kundi hilo dogo ndo ilianzia harakati iliyotuma wamisionari wa kwanza kutoka Marekani kwenda ng'ambo. Hawakuwa na bajeti wala mzungumzaji mgeni. Kama kuna wanafunzi wawili wanaokutana kuomba wakati wa mapumziko, kazi yetu watu wazima ni kuwalinda, kuwajibu maswali yao kwa ukweli, na kutowageuza kuwa maonyesho ya kanisa.

Nipe ushahidi wa historia kwamba maombi yamewahi kugusa elimu.

Upo mwingi na mimi unanipa moyo sana.

Halle, Ujerumani, 1695. August Hermann Francke, mchungaji na profesa, alikuta kwenye kisanduku cha sadaka ya maskini pesa kidogo akasema kwa hii naanza shule ya watoto maskini. Alikuwa mtu wa maombi kwelikweli. Ile shule ikakua ikawa mji mzima wa elimu, kuna kituo cha yatima, kiwanda cha kuchapa, mafunzo ya walimu. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm I, aliitembelea akaipenda, na mwaka 1717 akatoa amri watoto waende shule pale ambapo shule zipo. Yaani serikali ilikuja kujifunza kwa watu waliokuwa wanaomba na kufundisha maskini.

Gloucester, Uingereza, 1780. Robert Raikes aliona watoto wanafanya kazi wiki nzima, siku pekee walio huru ni Jumapili, na hawajui kusoma. Shule za Jumapili zikaanza, na wakati huo zilikuwa ni shule kweli za kusoma. Bunge la Uingereza lilikuja kupitisha sheria ya kuwapatia watoto wote nafasi ya shule ya msingi mwaka 1870, miaka 90 baadae.

Bristol, Uingereza, George Müller, aliyesifika kwa kutomwomba binadamu pesa ila kumwomba Mungu, alilea yatima zaidi ya 10,000 katika maisha yake na aliwasomesha. Watu wanapenda kusimulia chakula kilichofika mezani dakika ya mwisho, wanasahau kwamba wale watoto walitoka pale wanajua kusoma na wana kazi ya kufanya.

Na Herrnhut, kijiji cha Ujerumani walipokaa Wakristo wa kanisa la Moravian, yaani Wamoravia. Mwaka 1727 wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kugawana saa za kuomba, usiku na mchana, na mnyororo huo ukaendelea zaidi ya miaka 100. Miaka 5 tu baada ya kuanza, 1732, wakatuma watu wao wa kwanza mpaka kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani kwa watumwa. Kanisa hilohilo, kizazi cha nyuma, ndo lilitoa askofu Comenius ambaye mwaka 1658 alichapisha kitabu cha watoto chenye picha, aliamini watoto wote wasome, maskini na matajiri, wavulana na wasichana, wakati huo wazo hilo lilikuwa jipya kabisa kwa wengi.

Na utamaduni? Muziki, filamu, mitandao, mavazi, huko tunaombaje?

Utamaduni unatengenezwa na watu, kwa hiyo ombea watu. Ombea waandishi, waongozaji filamu, watunzi, wanaotengeneza michezo ya simu, wanaoamua mtoto wako aone video gani baada ya hii. Usiombe washindwe, omba wamjue Mungu na wafanye kazi nzuri. Na ombea vijana wa kanisani wenye vipaji waende huko wakiwa wameiva kiufundi, sio waende na kazi mbovu halafu wategemee tuipende kwa kuwa ina jina la Yesu.

Kuna watu huuliza kama kweli maombi yanaweza kugeuza tabia ya jamii nzima. William Wilberforce, mbunge wa Uingereza, mwaka 1787 aliandika kwamba Mungu amemwekea mbele yake mambo mawili, kukomesha biashara ya watumwa na kurekebisha maadili ya jamii. Kabla ya hapo alitaka hata kuacha siasa, ni mchungaji John Newton aliyemshauri abaki bungeni. Yeye na marafiki zake walikuwa watu wa sala ya kila siku, na pia wa takwimu, ushahidi, hotuba na saini za wananchi. Biashara ilipigwa marufuku 1807, na sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni ya Uingereza ikapita bungeni 1833, yeye akafa mwaka huohuo siku chache baada ya kusikia kwamba ina uhakika wa kupita. Toka 1787 mpaka 1833, hesabu mwenyewe. Utamaduni haugeuki kwa mkesha mmoja.

Tumeomba miaka na shule inazidi kuharibika, tufanyeje?

Pole, na sikukatizi tamaa kwa kusema imani yenu ni ndogo, maneno hayo yameumiza watu wengi bila sababu. Luka 18 Yesu alitoa mfano wa mjane aliyemrudia hakimu dhalimu tena na tena, na Luka anasema wazi aliutoa ili wanafunzi wake waombe siku zote bila kukata tamaa. Kwa hiyo alijua tutakata.

Kule Leipzig, Ujerumani Mashariki, kanisa la Mtakatifu Nikolai lilianza maombi ya amani kila Jumatatu mwaka 1982. Kuna miaka walikuwa wanakuja watu wachache tu. Tarehe 9 Oktoba 1989 baada ya maombi watu kama 70,000 waliandamana na mishumaa mbele ya askari na hakuna risasi iliyopigwa, na mwezi mmoja kamili baadae ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Waliokuwa wanaomba 1984 hawakuwa na dalili yoyote.

Lakini pia jiulizeni kwa uaminifu kama kuna kitu mlishaonyeshwa mkakiacha. Mmeombea vitabu miaka mitatu na waumini wenu wana vitabu vimekaa tu ndani, vipelekeni.

Mtaala una kitu ambacho hatukubaliani nacho, tuombe kiondolewe?

Kwanza kisome chenyewe. Kisome chote, kwenye kitabu chenyewe, usiombe wala usisambaze kitu kutokana na kipande cha video ulichotumiwa. Mungu wa kweli hatumikiwi kwa uzushi. Ukishahakikisha, ongea na mwalimu kwa heshima, kisha mkuu, kisha bodi. Azimio la haki za binadamu la 1948, ibara ya 26, linasema wazazi ndo wenye haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya watoto wao, kwa hiyo sauti yako ni halali, huombi hisani.

Alafu kumbuka Danieli. Alisomeshwa elimu ya Wakaldayo na lugha yao, ikulu ya Babeli, na Biblia inasema Mungu ndiye aliyempa yeye na wenzake maarifa na ujuzi katika elimu hiyo, wakaonekana bora mara 10 kuliko waganga wote wa mfalme. Alichokataa ni chakula cha mfalme, na alikataa kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku 10. Yaani alijua ni wapi pa kusimama na ni wapi pa kusoma tu kwa bidii. Watoto wetu waombewe hekima hiyo, maana hatutaweza kuwafunga masikio.

Tuzunguke shule tukikemea mapepo?

Vita vya kiroho vipo, Waefeso 6:12 iko wazi. Lakini andiko hilohilo linasema hatushindani na damu na nyama, kwa hiyo mkuu wa shule sio adui na mwalimu wa dini nyingine sio adui. Kutembea kimyakimya nje ya uzio mkiomba ni vizuri. Kuingia na spika kubwa watoto wakiwa kwenye kipindi, hapana. Na mtoto akianguka na kupiga kelele darasani, aombewe na apelekwe hospitali, kifafa na hofu kubwa vinatibika, na kumwambia binti wa miaka 13 ana pepo mbele ya wenzake ni jeraha atakalobeba muda mrefu.

Kufunga ni lazima?

Sio lazima, ila kunasaidia. Watoto na wagonjwa wasifungishwe.

Wazazi wa imani nyingine watatuonaje?

Wataona mnachofanya. Kama mnaombea watoto wote na mnasaidia watoto wote, bila kumwekea mtoto masharti ya kuja kanisani ndo apate daftari, wengi watashukuru hata kama hawaamini mnavyoamini. Mkiwa mnaomba kwa sauti ya kuwashinda, wataogopa na wana haki. Ombeni nao wafanikiwe, watoto wao wafaulu, hayo ni maombi halali kabisa.

Tunaanzaje kikundi?

Watu wawili au watatu wanatosha. Chagueni shule moja, sio shule zote za nchi. Siku moja kwa wiki, nusu saa, muda uleule, mkiweka masaa matatu mtaacha mwezi wa pili. Mwe na daftari la maombi na mwandike tarehe na majibu. Siri za watoto na walimu zisitoke hapo, kabisaa, maombi yaliyogeuka umbea yamevunja vikundi vingi kuliko uvivu. Mwambieni mkuu wa shule kwamba mnamuombea na mumuulize anahitaji nini, muulize na mnyamaze msikilize. Akitaja kitu mnachoweza kukifanya kifanyeni mwezi huohuo.

Mimi sina mtoto shuleni, sina kikundi na sio mtu wa kuongea mbele za watu, naanzia wapi?

Mathayo 6:6 imeandikwa kwa mtu kama wewe, ingia chumbani, funga mlango. Tafuta jina la mwalimu mmoja tu wa shule iliyo karibu na wewe, hata kwa kuuliza mtoto wa jirani "mwalimu wako anaitwa nani?", na uombee hilo jina kila asubuhi kwa muhula mmoja. Muhula ukiisha mwandikie barua fupi ya kumshukuru kwa kazi yake, sio lazima useme wewe ni nani.